Hatua Saba na Rakaa Moja

Usiku ule mwenzangu wa chumbani aliamka kwenda msalani, akawasha tochi ya simu, akakuta kitu cheupe kimekaa kitako juu ya kitanda changu. Kilikuwa na matundu mawili ya macho, tundu la pua na tundu la mdomo. Akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo hata mwezi wa Ramadhani. Alipofika katikati nikamwambia, "Ni mimi." Hakuniamini mpaka nilipoibandua ile barakoa ya karatasi usoni, ikining'inia mkononi na kudondosha maji maji juu ya shuka.

"Wallahi wataka kuniua," akasema. Yeye ni mtu wa Mombasa. "Saa sita hii ya usiku! Na mimi siku zote nikisikia waamka, nadhani waamka kuswali."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye akarudi kulala. Mimi sikulala mapema, kwa sababu ile sentensi yake ya mwisho ilikuwa imenikaa.

Ndugu zangu wa jumuiya, nimeandika makala hii kwa sababu swali lake lilinisumbua muhula mzima. Kuutunza uso ni shukurani kwa Aliyeuumba, au ni namna ya kukiabudu kioo? Katika darsa zetu swali hili hujibiwa haraka. Upande mmoja hutaja Hadithi iliyomo kwa Muslim, kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Upande wa pili hutaja aya ya 119 ya Suratun Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha watu waugeuze uumbaji wa Allah. Kila mmoja hushika dalili yake, adhana inaadhiniwa, tunainuka. Mimi naomba tukae nalo kidogo, na mfano uwe wangu mwenyewe, maana kumhukumu mtu mwingine ni kazi rahisi mno.

Nilifika Uganda kutoka Bujumbura nikiwa na chunusi. Sizungumzii kipele kimoja cha siku ya mtihani. Mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa, na kila kilichopona kiliacha doa jeusi. Nilikuwa nikioga uso kwa sabuni ya mche ile ile ninayofulia, nikasugua kwa limau kwa ushauri wa binamu yangu, nikapaka dawa ya meno kwa ushauri wa mtu ambaye hata simkumbuki. Nikabish hodi kila mlango isipokuwa wa daktari. Na jioni, kama wengi wenu msivyopenda kukiri, nilikuwa nikitazama tamthilia za Kikorea. Msichana ameachwa na mchumba, amelia kwenye mvua vipindi vitatu, na ngozi yake bado inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Wakorea wenyewe wana jina la ngozi hiyo: yuri pibu, ngozi ya kioo.

Basi nikaanza kusoma. Nilijua kwamba ule mtindo mashuhuri wa hatua kumi ulienezwa zaidi Marekani kuliko huko kwao, na Mmarekani mwenye asili ya Korea anayeitwa Charlotte Cho, aliyeanzisha duka la Soko Glam mwaka 2012 na kuandika kitabu chake mwaka 2015. Mkorea wa kawaida anayewahi treni asubuhi hana muda wa hatua kumi, kama sisi tusivyokula biriani kila siku ingawa wageni hudhani hivyo. Nilisoma pia habari iliyonigusa, kwamba kabla Suh Sung-whan hajaanzisha kampuni ya Amorepacific mwaka 1945, mama yake, Yun Dok-jeong, alikuwa akikamua mafuta ya mbegu za kamelia mjini Kaesong na kuwauzia wanawake ya kupaka nywele. Nikamkumbuka bibi yangu, mzaliwa wa Ujiji, anavyosaga liwa kwenye jiwe na kujipaka usoni mchana wa joto, kimya, bila kutazama kioo. Nikajiambia hakuna geni hapa. Wanawake ni wale wale.

Nikapunguza kumi zikawa saba. Kwanza mafuta ya kuyeyusha uchafu na vumbi. Pili sabuni laini ya povu. Tatu tona. Nne esensi yenye ute wa konokono. Tano seramu. Sita krimu. Ya saba ni ile barakoa, mara mbili kwa wiki. Na asubuhi, mafuta ya kuzuia jua.

Niseme wazi kwamba ilifanya kazi, na nisingependa mtu amalize kusoma akidhani nimekuja kuilaani. Jambo la kwanza nililojifunza ni upole. Ngozi ya uso ina uasidi kidogo, kipimo chake cha pH ni kama 5, na sabuni ya mche hufika 9 au 10. Kumbe miaka yote nilikuwa nikiuadhibu uso wangu kwa kosa ambalo adhabu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikilizidisha. Jambo la pili ni jua. Ngozi nyeusi haichomeki upesi kama nyeupe, lakini doa linaloachwa na chunusi huzidi kukolea likipigwa na jua, na sisi hutembea saa saba mchana kutoka darasani hadi msikitini kama mbuzi wa Eid. Jambo la tatu ni subira. Ngozi huchukua takriban wiki nne kujifanya upya, kwa hiyo kitu ulichopaka leo hukijui kama kimefaa mpaka mwezi uandame tena. Mimi niliyezoea kubadilisha dawa kila Ijumaa nililazimika kungoja.

Na dini haipingani na hayo. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Yuko pia Arfaja bin As'ad, sahaba aliyekatwa pua vitani siku ya Kulab kabla ya Uislamu. Alitengeneza pua ya fedha, ikaoza na kunuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu, iliyoharamishwa kwa wanaume! Mimi huipenda sana Hadithi hii. Mtu hakuambiwa avumilie uso uliobomoka kwa sababu dunia ni mapito. Alitafutiwa dawa mpaka kwenye kitu ambacho asili yake ni marufuku kwake. Wanachuoni wakatofautisha hapo kati ya kutibu aibu iliyompata mtu na kuugeuza uumbaji kwa kutafuta urembo tu, kama wale wanawake waliolaaniwa katika Hadithi ya Ibn Mas'ud, wachanjao chale, wanaonyofoa nyusi na wanaochonga meno ili wapendeze. Chunusi ni maradhi. Kuzitibu hakuhitaji udhuru.

Hapa niingie kidogo kwenye fiqhi, maana mwenzangu wa chumbani hakunipa nafasi ya kuikwepa. Alipojua kilichomo kwenye ile chupa ya nne alipiga kelele: "Konokono? Wajipaka konokono kisha wasujudu?" Tulimpelekea ustadhi wetu wa fiqhi. Alicheka kwanza, kisha akatupa kazi ya nyumbani. Konokono wa nchi kavu katika madhehebu yetu ya Shafii haliwi, ni katika wadudu. Imamu Malik aliulizwa habari zake na akaruhusu aliwe akichukuliwa hai na kupikwa. Lakini swali letu lilikuwa la tohara, wala si la kula, na kanuni ya Mashafii ni kwamba kila kilicho hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa kutokana nao. Ustadhi akajenga jawabu lake juu ya kanuni hiyo. Nguruwe ndiye wa kuangaliwa kweli kweli, kwa sababu kolajeni nyingine hutoka kwake na lebo haisemi. Inabidi utafute nembo ya halali au uulize.

Suala la udhu lilikuwa zito zaidi, na ninashangaa jinsi tunavyolipuuza. Mafuta ya kuzuia jua yametengenezwa makusudi yakae juu ya ngozi na yasiondoke kwa jasho. Je, maji ya udhu yanafika? Imamu Nawawi katika al-Majmu' ametofautisha kati ya kitu chenye mwili unaozuia maji, kama nta au unga wa hina uliogandia, na mafuta ambayo maji hupita juu yake hata kama hayatuami. Cha kwanza lazima kiondolewe. Cha pili hakidhuru. Mimi nikaamua kutobahatisha. Adhuhuri ninaosha uso kwa sabuni kabla ya udhu, kisha baada ya swala ninapaka upya. Ikatokea kwamba maelekezo ya mafuta yenyewe yanataka mtu apake upya kila baada ya saa mbili akiwa juani, na kati ya Adhuhuri na Alasiri ninakuwa nimeshapaka mara mbili. Sijui kama Wakorea walitufikiria sisi. Ni kweli lakini kwamba Uislamu hauko mbali nao kama tunavyodhani. Maimamu wa jeshi la Uturuki walilingania huko wakati wa vita vya Korea, na msikiti mkuu wa Seoul uko Itaewon tangu mwaka 1976.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Sasa nifike pale ambapo sikupenda kufika.

Ile Hadithi ya uzuri tunaikata. Tunachukua kipande cha kati na kuacha mwanzo na mwisho wake. Mwanzo wake ni onyo kwamba hataingia Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni. Mtu mmoja akauliza, vipi kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Hapo ndipo lilipokuja lile neno kuhusu uzuri. Kisha Mtume (s.a.w.) akaeleza kiburi ni nini hasa: kuikataa haki, na kuwadharau watu. Kwa hiyo Hadithi haikupima nguo wala viatu. Imepima unayoyafanya ukiwa umevivaa. Nikaichukua mizani hiyo kama ilivyo na kujiwekea mwenyewe, nikatumaini nitafaulu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchekacheka na watu.

Kuwadharau watu. Muhula uliopita alikuja msichana wa mwaka wa kwanza kuuliza habari za halaqa ya dada. Uso wake ulikuwa umekauka na kuchanika pembeni mwa mdomo, una vipele kwenye paji. Alikuwa akizungumza nami kuhusu kuhifadhi Juzuu Amma, na mimi nilikuwa nikiusoma uso wake. Nikawaza, huyu hata kujisafisha hajui. Nikamjibu kwa haraka nikaondoka. Uso ule ulikuwa uso wangu wa miezi minane iliyopita, tofauti ikiwa ni chupa saba. Nilikuwa nimepona ngozi nikaugua macho. Kila niliyekutana naye nilimtazama shavu kwanza.

Kuikataa haki. Mwenzangu wa chumbani aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa, zile chupa zimenigharimu kiasi gani. Nilimjibu kwa ukali kwamba kila mtu ana vipaumbele vyake na kwamba yeye pia ana mabuibui manne. Alinyamaza. Nilikasirika kwa sababu jibu nililijua. Zilikuwa shilingi 310,000 za Uganda, na nusu yake haikuwa pesa yangu ya kutumia hivyo.

Lakini kabla ya pesa kuna kile kijichupa cha tano. Kwenye lebo ya seramu palikuwa na maandishi ya Kikorea na chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya kung'arisha. Rafiki anayesoma Kikorea kwenye simu alinisomea yale ya juu: mibaek. Maana yake ni weupe. Sheria ya vipodozi ya Korea iliyoanza kutumika mwaka 2000 ina kundi maalumu la vipodozi vyenye kazi, na ndani yake mna vitatu vya mwanzo: vya kufanya ngozi iwe nyeupe, vya kupunguza mikunjo na vya kuzuia jua. Vilivyomo kwenye chupa yangu havina hatari kama mkorogo. Ilikuwa niasinamidi, aina ya vitamini B3, ambayo hupunguza rangi kukusanyika mahali pamoja na ndiyo iliyonisaidia madoa. Haidrokwinoni haimo, zebaki haimo. Ningeweza kujitetea mbele ya kadhi yeyote.

Isipokuwa mimi ninamjua shangazi yangu. Alijipaka mkorogo miaka kumi na mbili. Uso ulikuwa wa machungwa, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na alipofanyiwa upasuaji kidonda kilikataa kufunga kwa wiki nyingi kwa sababu ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Jirani zetu Rwanda walipoanza kuvikamata vipodozi hivyo madukani mwishoni mwa mwaka 2018, sisi tulisema nyumbani, laiti wangeanza mapema na kwetu. Nilikua nikijiambia kwamba kamwe sitakuwa yeye. Na siku ile nikiwa na chupa mkononi nilijiuliza swali moja tu: madoa yakiisha, nitaacha? Nikakuta moyoni jibu nisilolipenda. Nilikuwa nimeanza kujipiga picha dirishani na kulinganisha shavu na shingo, nikifurahi uso ukitangulia shingo kwa weupe. Hakuna mwanachuoni angeniharamishia chupa ile. Niliyoyaficha nyuma yake ndiyo yaliyokuwa ya shangazi.

Matendo ni kwa nia. Hadithi tuliyoianza nayo sote, ya kwanza kwenye Arubaini, na nilidhani nimeshaimaliza darasa la sita.

Ajabu ni kwamba hao tunaowaiga wana ugomvi wao na jambo hili. Huko Korea Kusini picha ya uso imekuwa ikibandikwa kwenye maombi ya kazi kama sisi tunavyobandika kwenye pasipoti, na ni mwaka 2017 tu ndipo serikali yao ilipoziondoa picha katika maombi ya kazi za umma. Wana neno la tabia ya kuuweka uso juu ya kila kitu, oemo jisang juui. Mwaka 2018 wanawake wengi vijana wa huko walianza kupiga picha vipodozi vyao vikiwa vimepondwapondwa na kumwagwa, nywele zimekatwa fupi, wakiita harakati hiyo kuivua koseti. Mwaka huo huo mtangazaji wa habari wa kike wa kituo cha MBC, Im Hyeon-ju, alisoma habari akiwa amevaa miwani, na ikawa habari yenyewe. Miwani tu! Mimi wakati huo nilikuwa Buyenzi nikisugua limau, nikitamani niwe na uso ambao wenye nao walikuwa wakitafuta njia ya kupumzika nao. Siwasemei wao, wana sababu zao na si zetu. Lakini mtu anayeazima nguo afadhali ajue mwenyewe kwa nini aliivua.

Sasa ile sentensi ya usiku. Nilidhani waamka kuswali.

Mimi nimekuwa nikisema tangu mwaka wa kwanza kwamba siwezi witri. Isha ninaiswali nikiwa nimechoka, masomo ni mengi, umeme unakatika, nitaanza Ramadhani in shaa Allah. Kwa madhehebu yetu witri uchache wake ni rakaa moja. Rakaa moja haifiki dakika tatu hata kwa mtu anayesoma polepole. Zile hatua zangu saba, nikingoja kila kimoja kikauke kabla ya kingine kama inavyotakiwa, huchukua dakika ishirini na tano. Nimezifanya nikiwa na homa. Nimezifanya usiku wa kuamkia mtihani wa Usulul Fiqhi. Nimezifanya umeme umekatika, kwa mshumaa, nikihesabu matone. Mama Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa chache, na mimi nilikuwa na ushahidi kabatini, umepangwa kwa mstari, kwamba kudumu ninaweza. Nilikuwa nimebaki bila udhuru wowote, na kilichonivua udhuru ni konokono.

Sikutupa chupa. Wengine walipenda nizitupe, ingekuwa kisa kizuri cha mawaidha. Nilianza tu kuweka rakaa ile mahali penye nafasi, kati ya tona na esensi. Msicheke. Uso uko safi, udhu nimeshachukua, kile cha kwanza kinakauka. Ustadhi wetu alipoambiwa alisema hajaisoma popote lakini haoni kinachoibatilisha. Usiku mwingine ninaiswali kwa moyo, usiku mwingine ninaiswali kama mtu anayengoja krimu ikauke. Ninajua tofauti.

Katika somo la tafsiri tulisoma aya ya mwisho ya Suratul Fat-h, inayotaja alama ya waumini kwenye nyuso zao kutokana na kusujudu. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, aliifasiri kuwa ni unyenyekevu. Akaambiwa, sisi tulidhani ni ile alama ya kwenye paji. Akajibu kwamba alama hiyo huenda ikawa baina ya macho ya mtu mwenye moyo mgumu kuliko wa Firauni. Mhadhiri alipita haraka. Mimi nilibaki hapo saa nzima, kwa sababu nilikuwa nimezoea kudhani kwamba hatari iko kwenye mng'ao wa kununua peke yake.

Baki la habari ni pesa. Kaka yangu ni fundi wa magari Buyenzi. Ndiye anayenisomesha tangu baba afariki. Nilikuwa nimemwambia kwamba nusu ya zile 310,000 ni za kutoa nakala na kufunga ripoti. Nilipokwenda likizo nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akatoka. Mikono yake huisafisha kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, tangu nimjue. Shingo yake nyuma ilikuwa imeungua na jua, imechubuka kama ganda la muhogo.

Aliniuliza mbona nimependeza hivi, Uganda kuna maji gani. Nikamwambia. Nilianza na konokono kwa sababu nilitaka acheke, kisha nikamwambia kuhusu nakala. Hakucheka wala hakugomba. Alifuta spana yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Ungesema tu," akasema. "Mimi nilikopa ile."

Nilikuwa na kile kichupa cha mafuta ya jua kwenye mkoba. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu, nikamwambia ageuke. Nikampaka shingo. Mafuta yale yametengenezwa kwa ngozi za huko, kwetu huacha weupe wa kijivu mpaka yakolee, na vijana wa gereji wakaanza kumwita bwana harusi. Akaniuliza kichupa kile ni bei gani. Nilipomtajia alinyamaza akipiga hesabu.

"Plagi mbili," akasema. Kisha, akirudi chini ya gari: "Kiache hapo juu ya meza, mdogo wangu. Na usiwape hawa."